Brashi ya ndevu: kipi cha kulipia, kipi cha kuacha

Brashi mpya ya kunyolea yenye nywele za mnyama hunuka. Usishtuke, wala usikubali kuuziwa dawa ya harufu hiyo. Ni harufu ya mnyama mwenyewe. Ioshe mara mbili tatu kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ipige povu, liache povu likauke humo usiku kucha, asubuhi suuza. Baada ya wiki moja ya matumizi hutaisikia tena. Ya nguruwe hunuka kuliko nyingine na huchukua muda zaidi kutulia.

Naanza na harufu kwa sababu hapo ndipo mfuko wa mnunuzi hutobolewa kwanza. Anayekuuzia brashi atakuonyesha na chupa ya shampuu maalumu ya brashi, kisimamio cha chuma kinachong'aa, bakuli la kupigia povu, na siku nyingine kichupa cha mafuta ya kulainisha nywele. Ukivibeba vyote, bei ya vikorombwezo itaizidi bei ya brashi, na hakuna hata kimoja ambacho brashi inakihitaji ili idumu. Inachohitaji ni maji safi, hewa, na mwenye kuitumia asiwe mvivu kwa dakika moja baada ya kunyoa.

Kabla hujatoa hela, jiulize kama una kazi nayo. Anayenyolewa saluni kwa mashine kila Jumamosi hana. Anayetumia povu la kopo, lile la kubonyeza, naye hana, maana povu lake limekuja tayari kutoka kiwandani. Brashi humfaa anayejinyoa nyumbani kwa wembe, mara mbili au zaidi kwa wiki, kwa sabuni ya kunyolea ya kipande au krimu ya tyubu. Huyo ndiye anayefaidi: krimu ya ukubwa wa harage moja inatoa povu la uso mzima, na kipande kimoja cha sabuni ya kunyolea hukaa miezi. Kopo la kubonyeza haliwezi kushindana na hilo kwa bei, hata liwe kwenye ofa.

Kwa wenye ndevu zilizojikunja na shingo inayoota vipele kila baada ya kunyoa, brashi ina msaada wake: inazisimamisha nywele na kuzilainisha kabla ya wembe kupita. Lakini vipele vikishakuwa vidonda, iache pembeni mpaka vipone. Kuvisugua ni kuviongezea hasira, na brashi nayo inabaki na uchafu usioutaka usoni kesho yake.

Aina nne, na bei zake

Nyingi ya brashi hizi zinatoka nje, kwa hiyo nitatumia bei za dola za maduka ya nje. Wewe geuza kwa kiwango cha siku hiyo. Nguruwe ndiye wa bei ya chini kati ya wanyama, kwa kawaida dola 8 hadi 15. Nyuzi za plastiki ni dola 10 hadi 25. Singa za farasi huwa kati ya dola 15 na 30. Melesi, mnyama wa Ulaya na Asia aliye ndugu wa mbali wa nyegere wetu, huanzia karibu dola 25 kwa daraja la chini na kupita 100 kwa lile la ncha nyeupe laini. Sehemu kubwa ya nywele zake inatoka China, hata pale mpini unapokuwa na jina la Ulaya.

Ya nguruwe ni ngumu ikiwa mpya, na hapo ndipo wengi huihukumu kabla ya wakati. Ncha zake hupasuka taratibu kadiri unavyoitumia na zinakuwa laini. Brashi ya mwezi wa pili siyo ile ya wiki ya kwanza. Nywele zake zinakunywa maji, kwa hiyo iloweke dakika mbili tatu kwenye kikombe wakati unanawa uso. Usipoiloweka, itakunywa maji ya povu lako, kisha utailaumu sabuni.

Ya melesi inashika maji mengi, ni laini tangu siku ya kwanza na haihitaji kulowekwa kwa muda mrefu. Ila inachukia joto na kukandamizwa, na ukiiharibu umeharibu hela nyingi. Majina ya madaraja yanayoandikwa kwenye boksi hayana kipimo kimoja cha kimataifa. Kila kiwanda kina yake. Daraja la juu la mmoja linaweza kuwa la kati kwa mwingine, kwa hiyo usilipe zaidi kwa sababu ya neno tu. Lipa kwa kile ambacho vidole vyako vinakigusa.

Singa za farasi zinakaa katikati kwa ugumu na kwa bei. Hukatwa kwenye mkia na shingo bila kumchinja mnyama, na brashi nyingi za aina hii zinatengenezwa Hispania na Uturuki. Shida yake ni kupatikana. Ukiiona dukani kwa bei ya haki, chukua. Kuiagiza yenyewe peke yake siyo matumizi mazuri ya hela.

Plastiki wengi waliidharau zamani, na za zamani zilistahili kudharauliwa. Za siku hizi ni laini, hazinuki, hazilowekwi, na zinakauka kwa saa chache. Hazishiki maji kama melesi, kwa hiyo povu lake linataka mkono uliozoea kuongeza maji kidogo kidogo. Kwa mtu mwenye bafu la chumba kimoja lisilo na dirisha, ningesema nunua hii na uache kusoma hapa, maana taabu nyingi zinazofuata hazimhusu.

Kwa Mwislamu wa Mombasa, Unguja au Muscat, ya nguruwe haina mjadala hata ingekuwa ya bure. Tatizo ni kuitambua. Maboksi mengi hayataji mnyama. Ukiona limeandikwa kwa Kiingereza neno "bristle" peke yake, hesabu kuwa ni nguruwe hadi uthibitishiwe vinginevyo. Kuna na za nguruwe zilizopakwa rangi, mstari mweusi katikati na ncha nyeupe, zifanane na melesi. Ilowanishe kwenye maji ya vuguvugu na uifute kwa kitambaa cheupe. Rangi ikitoka, umeshajua. Kuhusu melesi na farasi, muulize shehe unayemwamini kuliko kumuuliza muuza duka.

Na ukitaka kujua kama ni nywele au plastiki, chomoa uzi mmoja uliolegea, ukiwa umeshalipa na uko nyumbani, na uuguse kwa moto wa kiberiti. Nywele hunuka kama nywele zilizoungua na kubaki majivu yanayosagika kwenye vidole. Plastiki huyeyuka na kuacha kitone kigumu. Ikiwa ulilipia melesi ukapata kitone, rudi na risiti. Kama hukupewa risiti, hilo ni funzo la ununuzi ujao.

Hesabu ya kuagiza nje

Bei unayoiona kwenye simu siyo bei utakayolipa. Chukua mfano wa brashi ya dola 20 na usafirishaji wa dola 15. Tayari ni 35. Bidhaa zilizokamilika zinazoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mara nyingi hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, na unatozwa juu ya bei pamoja na usafirishaji: dola 8.75, jumla 43.75. Kisha inakuja kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18 kwa Tanzania na Uganda, 16 kwa Kenya, nayo hupigwa juu ya jumla hiyo yenye ushuru ndani yake. Kwa asilimia 18, brashi ya dola 20 imefika dola 51 na senti, kabla ya tozo ndogondogo za mzigo na nauli ya kwenda kuufuata.

Ndiyo maana ukilazimika kuagiza, agiza pamoja na wenzako wawili watatu mgawane usafirishaji, au mwagize ndugu anayerudi nyumbani. Vinginevyo anza na maduka ya vifaa vya saluni mjini kwako. Kariakoo au River Road, hata ukilipa faida ya muuzaji, unaishika mkononi kabla ya kutoa hela, na hilo lina thamani yake.

Ukiishika, angalia mambo machache. Vuta nywele taratibu: mbili tatu zikitoka si kitu, kishada kikitoka irudishe kwenye kabati lake. Angalia pale fundo la nywele linapoingia kwenye mpini. Gundi ijae sawasawa, pasiwe na ufa wala pengo la kuingiza maji. Mpini wa plastiki ngumu au chuma ndio wa kuchagua. Wa mti unapendeza, lakini mti uliopakwa vanishi nyembamba huvimba, hupasuka na kuachia fundo, na huo ndio mwisho wa kawaida wa brashi nyingi za bei ndogo. Nywele zilikuwa nzima kabisa. Kilichokufa ni mpini.

Dakika moja ya kila siku

Usafi wa kila siku hauna gharama. Ukimaliza kunyoa, weka brashi chini ya maji yanayotiririka, au kwenye beseni kama bomba limekauka, na ufungue nywele kwa vidole mpaka maji yatoke meupe bila povu. Suuza zaidi kwenye shina, karibu na mpini, maana ndiko sabuni inakojificha. Kamua kwa kufinya kwenye kiganja. Kisha ikung'ute mara kadhaa kwa nguvu kama unayekung'uta maji ya mkono, uangalie isigonge ukuta wala bomba. Ipitishe juu ya taulo kavu huku na huku. Umemaliza.

Usizisokote kama nguo. Nywele zinazosokotwa hukatikia kwenye shina, na brashi inaanza kuwa na upara katikati. Kosa la pili linalofanana na hilo ni kuikandamiza usoni wakati wa kunyoa hadi nywele zitawanyike pande zote. Povu linatokana na ncha. Shina halitoi povu. Ikandamize kwa miezi kadhaa na utaona shimo katikati ya fundo.

Maji yawe ya vuguvugu, yale mkono wako unayavumilia bila kukunja uso. Maji yaliyochemka yanaharibu nywele, hasa za melesi, na yanalegeza gundi. Kuna wanaoichemsha kwenye sufuria wakidhani wanaua vijidudu. Brashi haitoki humo ikiwa salama, na kama mpini ni wa mti hautoki kabisa.

Sabuni ipi ya kuoshea

Kwa usafi wa kina, mara moja kwa mwezi kwa anayenyoa karibu kila siku, tone moja la sabuni ya maji ya vyombo linatosha. Iko jikoni tayari. Ichanganye na maji ya vuguvugu kwenye kikombe, zungusha brashi humo kwa upole, suuza mara kadhaa. Inaondoa mafuta ya ngozi na mabaki ya krimu vizuri mno, na kasoro yake ni hiyohiyo: ukiitumia kila wiki itaondoa na ulaini wa nywele.

Shampuu ya kawaida ya nywele zako ni ya upole zaidi. Pakiti ndogo ya dukani inaosha brashi mara kadhaa ukiifunga vizuri mdomo. Ya mtoto inafaa pia. Shampuu maalumu ya brashi ni shampuu tu kwenye chupa ndogo yenye bei kubwa. Sijaona inachofanya ambacho pakiti ya dukani haifanyi.

Sabuni ya mche, ile ya kufulia, iache ifue. Kwenye maji magumu inaacha utando uleule unaojaribu kuuondoa. Sabuni ya unga ni mbaya zaidi: nyingi zina vimeng'enya vya kula madoa ya protini, na nywele ni protini. Dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe usiikaribishe kabisa. Italiondoa doa na itaziondoa na nywele, taratibu, kwa kuzifanya zikatike kama majani makavu. Spiriti inakausha nywele na kula vanishi ya mpini, na kwa brashi ya mtu mmoja anayeiosha na kuikausha haina sababu ya kuwepo.

Sasa utando mweupe. Anayetumia maji ya kisima Dodoma, au ya visima vingi vya pwani, anaujua kutoka kwenye birika lake. Madini ya maji magumu yakikutana na sabuni yanatengeneza uchafu usioyeyuka, nao hujishika kwenye nywele. Brashi inakuwa ngumu, inanata, inatoa povu jepesi linalokufa kabla hujamaliza shavu la pili. Wengi hapo hununua brashi nyingine. Wanatupa brashi nzima kwa sababu ya chokaa.

Dawa yake ni siki nyeupe. Kijiko kimoja cha siki kwa vijiko kumi vya maji ya vuguvugu, loweka nywele peke yake bila kuzamisha mpini, dakika tano, suuza sana, kisha osha kwa shampuu kuondoa ukali. Mara moja kila miezi miwili au mitatu yatosha, na mwenye maji laini hahitaji hata hiyo. Chupa ndogo ya siki inamaliza mwaka, na inayobaki itaondoa chokaa kwenye birika, kwa hiyo hesabu gharama yake kama ya jikoni. Juisi ya ndimu inafanya kazi hiyohiyo, lakini ichuje vizuri. Nyama ya ndimu ikibaki kwenye shina utaijutia. Siki kali isiyochanganywa na maji, na kuiacha saa nzima, ni kuziharibu nywele zenyewe.

Njia ya bure kuliko zote ni maji ya mvua. Ni laini, hayana chokaa, na mwenye pipa chini ya bati anayo wakati wa masika bila kulipa. Suuza ya mwisho kwa kata moja ya maji ya mvua inapunguza utando kwa kiasi ambacho siki inakuwa ya nadra.

Kondishena je? Kidogo sana, baada ya siki tu, na isuuzwe yote. Ikibaki inaua povu, kisha unatumia sabuni mara mbili zaidi kufidia. Kama brashi haijakauka wala kukakamaa, usiiguse.

Kukausha ndiko kunakookoa hela

Brashi nyingi za nywele haziuawi na uchafu. Zinauawa na unyevu. Inayobaki mbichi kwenye shina siku baada ya siku huota ukungu, huoza, hunuka kama taulo lililosahaulika, na gundi inaachia. Pwani kazi hii ni ngumu kuliko Iringa au Nairobi, na wakati wa masika ni ngumu zaidi.

Hapa kuna mabishano ya zamani: ining'inie kichwa chini au isimame? Wauza visimamio wanajua jibu lao. Ukweli ni kwamba ukishaikung'uta vizuri, maji yaliyobaki yameshikwa katikati ya nywele na hayadondoki kirahisi kwa kuning'inia. Hewa ndiyo inayoyaondoa. Isimamishe kwa kitako mahali penye upepo na itakauka karibu sawa na ile iliyoning'inizwa kwenye chuma cha bei. Kama moyo wako unataka iningʼinie, waya mgumu uliokunjwa na msumari mmoja vinatosha.

Muhimu zaidi ni itoke bafuni. Bafu ni mahali penye unyevu kuliko chumba chochote cha nyumba, na kila anayeoga anaongeza mvuke. Dirishani, kwenye rafu ya chumbani, hata juu ya kabati la jikoni, popote penye hewa. Kivulini, siyo kwenye jua la saa saba: jua kali linakakamaza nywele na kupasua mti. Feni ni sawa. Kikaushio cha nywele chenye moto, hapana.

Nywele za mnyama huhitaji karibu siku nzima kukauka hadi ndani, na penye unyevu hata mbili. Anayenyoa kila asubuhi na brashi moja anaitumia kabla haijakauka, wiki baada ya wiki. Ndiyo sababu ushauri wangu kwa mwenye bajeti ndogo anayetaka nywele za asili na dini yake inamruhusu ni brashi mbili za nguruwe za kupokezana, badala ya moja ya melesi. Mbili za dola 10 ni 20. Moja ya melesi ya kati ni 50 au 60. Zile mbili kila moja inapata siku ya kupumua, na moja ikiharibika hujabaki mikono mitupu. Mkataa nguruwe afanye hivyohivyo kwa farasi akiipata, au achukue ya plastiki moja tu, maana hiyo haihitaji pacha.

Hesabu ya mwaka inaonyesha vizuri. Tuseme brashi ya shilingi 25,000 imeachwa ndani ya kikombe chenye maji kila siku, ikafa baada ya miezi minane. Ya 60,000 iliyokaushwa vizuri miaka kumi, jambo ambalo si la ajabu kwa brashi iliyotunzwa, ni shilingi 6,000 kwa mwaka. Lakini ile ya 25,000 nayo ingekaushwa na kudumu miaka mitano tu, ingekuwa 5,000 kwa mwaka. Bei ya dukani haikuamua chochote hapo.

Safarini, usiifunge mbichi kwenye kopo lenye mfuniko. Kopo tupu la vidonge lenye mdomo mpana, ulilotoboa matundu kadhaa kwa msumari wa moto, linafanya kazi ya kasha la safari linalouzwa ghali. Ukifika, itoe kwanza kabla ya kutoa nguo.

Ikiota madoa meusi ya ukungu, jaribu siki iliyochanganywa, kisha shampuu, kisha siku tatu za hewa. Harufu ikirudi baada ya hapo, itupe. Uso wako una thamani kuliko mabaki ya brashi.

Mende, nondo na brashi za kale

Nondo wa nguo na mabuu ya mbawakawa wa mazulia hula nywele za wanyama, na mende hutafuna nywele, gundi na mabaki ya sabuni bila kuchagua. Brashi inayotumika kila siku haiwapi nafasi. Ile uliyoiweka akiba ndiyo wanayoipata. Ioshe, ikauke kabisa, izungushie karatasi, iweke kwenye boksi la bati linalofunga. Vidonge vyeupe vya nondo usiviweke pamoja nayo. Harufu yake inaingia kwenye nywele na utaipaka usoni.

Brashi ya kale iliyokuja na mitumba au iliyoachwa na babu ni jambo jingine, na hapa siyo suala la hela tena. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na miaka iliyofuata, wanajeshi na raia wa Uingereza na Marekani waliugua kimeta kutokana na brashi za kunyolea za nywele za farasi kutoka Asia ambazo hazikusafishwa kwa dawa inavyotakiwa. Wengine walikufa. Kimeta tunakijua huku kwetu kwa ng'ombe na wanyamapori, na tunajua jinsi mbegu zake zinavyokaa ardhini miaka mingi. Mwaka 2017 wataalamu wa kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani walilipitia upya suala hilo: brashi mpya hatari yake ni ndogo mno, lakini zile za kabla ya 1930 si za kuchezea. Siki na sabuni haziui mbegu hizo. Kama ni kumbukumbu ya babu, iweke kabatini uitazame. Usinyolee.

Kuhusu kugawana, nitapita haraka: brashi ni ya mtu mmoja, hata kati ya baba na mwanawe. Inapita kwenye ngozi iliyochanwa na wembe. Kwa kinyozi anayepaka povu wateja, nywele za mnyama hazifai, maana dawa zinazoua vijidudu kati ya mteja na mteja zinaziua na nywele. Atumie ya plastiki inayovumilia dawa, na mteja ana haki ya kuuliza imeoshwa na nini. Kinyozi akichukia swali, viti viko vingine mtaani.

Kabla hujaitupa

Fundo likitoka zima kwenye mpini, brashi haijafa. Safisha tundu la mpini likauke, weka gundi ngumu ya tyubu mbili za kuchanganya, rudisha fundo likae wima, liache siku nzima kabla ya kuligusa maji. Gharama yake ni kipande kidogo cha bei ya brashi mpya, na gundi inayobaki itafaa kwa kazi nyingine za nyumbani.

Nywele zikitoka nyingi kila siku, au zikikatikia shinani, hapo hakuna gundi. Brashi mpya kudondosha chache wiki za mwanzo ni kawaida; ya mwaka mmoja kuanza kudondosha ghafla ni dalili kwamba shina limeoza. Irudishe dukani kama bado ina wiki chache na ulipewa risiti. Kama imemaliza umri wake, ioshe, ikaushe, na umpe fundi cherehani aitumie kutoa vumbi la nyuzi ndani ya mashine, au ifutie kibodi ya kompyuta. Chora alama nyekundu kwenye mpini kwanza, ili mtu wa nyumbani asije akairudisha usoni.